Asidi Ndani ya Maji: Vyombo vya Mtayarishaji wa Masomo ya Mbali



Kila anayejifunza kemia hukutana mapema na agizo moja fupi: asidi humiminwa ndani ya maji, maji hayamiminwi ndani ya asidi. Sababu yake ni joto. Asidi ya salfuri ikichanganyika na maji hutoa joto jingi sana. Ikitiwa kidogo kidogo katika maji mengi, maji hayo hulipokea joto na kulisambaza. Maji yakimwagwa juu ya asidi kali, hubaki juu kwa kuwa ni mepesi kuliko asidi, huchemka ghafla, na matone ya asidi huruka hadi usoni mwa aliyeshika chombo.

Katika Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, agizo hili halikai maabarani peke yake. Kiwanda cha Shituru, kilichoanza kazi mwaka 1929, hutoa shaba kwa kulowesha madini yaliyosagwa katika asidi ya salfuri iliyozimuliwa, kisha kupitisha umeme katika maji hayo mpaka shaba igande juu ya bamba. Kuna familia za Kikula na Panda ambamo babu, baba na mtoto wote wamefanya kazi karibu na asidi.

Sasa achukuliwe mkufunzi mmoja aliyepewa kazi hii: afundishe agizo hilo kwa vijana mia mbili waliotawanyika katika mitaa ya mji, kila mmoja akifikiwa kwa simu, bila kuwakusanya darasani. Je, aanzie wapi? Mara nyingi swali la kwanza analouliza, au analoulizwa na mkubwa wake, ni jina la programu. Atumie jukwaa gani? Anunue kamera gani? Mhadhara huu unashikilia kwamba jina la programu ni swali la nne au la tano, na kwamba fedha nyingi za masomo ya mbali hupotea kwa sababu huulizwa kwanza.

Kazi ya kupanga somo kwa hatua, kabla ya kulifundisha, ina historia yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili majeshi ya Marekani yalilazimika kufundisha marubani na mafundi wengi kwa muda mfupi. Mmoja wa wanasaikolojia waliofanya kazi hiyo katika jeshi la anga alikuwa Robert Gagné. Mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya masharti ya kujifunza, na jina lake likabaki katika orodha ya matukio tisa ya somo, kuanzia kuamsha usikivu wa mwanafunzi hadi kumsaidia kuhamisha alichojifunza mpaka kazini. Mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kiliandaa utaratibu wa mafunzo kwa ajili ya jeshi la nchi kavu la Marekani, na kutokana na utaratibu huo zikajulikana hatua tano ambazo watayarishaji wa masomo huzifuata hadi leo: kuchunguza, kubuni, kutengeneza, kufundisha, kupima.

Hatua ya kuchunguza haihitaji umeme. Chombo chake ni daftari, na mahali pake ni pale wanafunzi walipo. Mkufunzi wa Likasi atapenda kujua mambo machache. Simu ni ya kijana mwenyewe au ya mama yake? Ina nafasi ya kuweka faili, au imejaa picha na nyimbo? Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hupatikana mtaani kwake saa ngapi? Ananunua mega za siku au za mwezi, na zikimwishia hukaa siku ngapi bila intaneti? Akieleza kazi yake kwa rafiki, hutumia lugha gani? Majibu ya watu ishirini, yaliyoandikwa kwa uaminifu, yatamwongoza kuliko tangazo lolote la programu. Mji huu hupata umeme wake kutoka maporomoko ya karibu. Bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira lilimalizika mwaka 1930 ili kuendesha viwanda vya shaba. Lakini umeme wa viwanda na umeme wa nyumba ya mwanafunzi ni mambo mawili, na somo la simu hutegemea huu wa pili.

Baada ya daftari huja sentensi ya lengo. Mwaka 1962 Mmarekani Robert Mager aliwapa walimu kipimo rahisi: lengo liseme mwanafunzi atafanya tendo gani, katika hali gani, kwa kiwango gani. Lengo la kusema "mwanafunzi ataelewa usalama wa asidi" haliwezi kuonekana kwa macho wala kupimwa. Lengo linalofaa ni hili: akiambiwa atayarishe lita kumi za asidi iliyozimuliwa, mwanafunzi atavaa miwani ya kinga na glavu za mpira, atatia maji kwanza, kisha atamimina asidi polepole huku akikoroga, bila kuruka hatua hata moja. Sentensi hiyo ikisimama vizuri, nusu ya mabishano juu ya vyombo huisha yenyewe. Inaonyesha wazi kwamba kitabu cha kurasa arubaini hakihitajiki, na kwamba mwishoni lazima mkono wa mwanafunzi uonekane ukifanya kazi.

Afrika Mashariki imekwisha kupita katika njia hii ya kufundisha walio mbali kabla ya intaneti. Katika miaka ya sabini, wataalamu waliofanya kazi Nicaragua walianza kufundisha hesabu kwa redio kwa namna mpya, na kati ya 1980 na 1985 namna hiyo ililetwa Kenya kufundisha Kiingereza katika madarasa ya chini. Upya wake ulikuwa katika kimya. Mtangazaji huuliza, kisha hunyamaza kwa sekunde chache zilizopimwa. Darasa zima hujibu kwa sauti, halafu redio hutoa jibu sahihi, na kila mtoto hujua papo hapo kama amepata au amekosa. Zanzibar, katika mwongo wa kwanza wa karne hii, vipindi vya Tucheze Tujifunze vilifuata njia iyo hiyo kwa watoto wadogo ambao hawakuwa na shule ya awali karibu nao. Waliimba, wakahesabu, wakaruka, wakiongozwa na sauti iliyotoka katika redio na mtu mzima mmoja wa kijiji.

Mwezi Machi 2020, shule za Kongo zilipofungwa kwa sababu ya Covid-19, redio ilirudi kazini. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, iliwarushia wanafunzi waliokuwa nyumbani kipindi kiitwacho Okapi École. Wazazi wengi waligundua wakati ule kwamba sauti pekee, ikipangwa vizuri, inaweza kubeba somo. Waligundua pia kwamba somo la darasani likisomwa tu mbele ya kipaza sauti huwachosha watoto mapema.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini sauti inastahili heshima. Video ya dakika tano yenye ubora wa kawaida, inayotumia kilobiti 1,500 kwa sekunde, hufikia megabaiti 56 hivi. Sauti ya mtu anayezungumza, ikibanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde, husikika vizuri, na dakika tano zake hazizidi megabaiti 1.2. Kwa mega za video moja, kijana anaweza kupokea masomo ya sauti zaidi ya arubaini. Programu ya Audacity, ambayo haina malipo, humwezesha mkufunzi kurekodi, kukata makosa, kupunguza kelele za barabarani na kuhifadhi faili kwa ukubwa anaoutaka. Mto mzito au blanketi nyuma ya msemaji hupunguza mwangwi wa chumba. Picha mbili za mchoro, zilizopunguzwa ukubwa, zikitumwa pamoja na sauti hiyo kwa WhatsApp, hulifanya somo kuwa kamili.

Bado kuna kazi ambazo WhatsApp haiziwezi. Haiweki kumbukumbu ya nani amemaliza somo gani, na masomo huzikwa chini ya salamu na matangazo ya misiba. Hapo ndipo jukwaa la masomo linapoingia, na linalojulikana zaidi kati ya yale huria ni Moodle. Mwanzilishi wake, Martin Dougiamas wa Australia, alikulia jangwani mbali na shule, akasoma utotoni kwa redio ya mawimbi mafupi. Toleo la kwanza la Moodle lilitoka mwaka 2002. Chuo hakilipi leseni. Gharama yake ni seva, mtu wa kuitunza, na muda wa walimu kujifunza kuitumia. Gharama hizi husahauliwa wakati wa sherehe ya uzinduzi, na ndizo huamua kama jukwaa litakuwa hai baada ya miaka miwili.

Kwa mahali ambapo intaneti ni ghali au hukatika, kuna chombo kilichotengenezwa kwa hali hiyo hasa. Shirika la Learning Equality lilianza mwaka 2012 kwa kuweka masomo ya Khan Academy katika kompyuta zisizo na intaneti, na mwaka 2017 likatoa Kolibri. Masomo hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao, kisha huwekwa katika kompyuta moja ya shule, hata ndogo kama Raspberry Pi inayotoshea kiganjani. Wanafunzi huunganisha simu zao na waifai ya kompyuta hiyo, husoma na kujibu mazoezi, na mwalimu huona maendeleo ya kila mmoja, bila mega hata moja kutumika. Kolibri ina sura ya Kiswahili, na mkufunzi anaweza kuongeza masomo yake mwenyewe. Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, hufanya kazi ya jirani: huweka Wikipedia nzima, pamoja na ile ya Kiswahili, ndani ya faili inayosomeka bila mtandao.

Fikra ya namna hii imekwisha kufika Kongo. Mwaka 2013 wakfu wa Vodafone pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walianza madarasa ya Instant Network Schools katika kambi ya Dadaab, Kenya, na baadaye madarasa kama hayo yakafunguliwa Tanzania na Kongo: chumba kimoja chenye tableti, projekta, chanzo cha umeme na mwalimu aliyefundishwa kuvitumia. Likasi haihitaji kusubiri mradi mkubwa kama huo. Kompyuta moja ya maktaba, ruta moja na betri ya kuvumilia saa za giza vinatosha kwa kuanzia.

Wanafunzi wenye simu ya vitufe wasiachwe nyuma. Kenya imeonyesha njia: Eneza Education ilituma masomo mafupi na maswali kwa ujumbe wa maandishi, mwanafunzi akajibu kwa kubonyeza herufi moja na kupata maelezo ya jibu lake. Ujumbe mmoja una nafasi ya herufi 160. Ufinyu huo humfundisha mkufunzi kusema jambo moja kwa wakati mmoja, na agizo la asidi hutosha ndani yake kabisa.

Swali la lugha ni zito zaidi kuliko swali la mashine. Katiba ya 2006 imetaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, Kifaransa kikiwa lugha rasmi, na sehemu kubwa ya masomo ya juu hutolewa kwa Kifaransa. Lakini pale kazini, fundi wa Likasi humwonya mwenzake kwa Kiswahili cha Katanga. Husema "bantu" pale kitabu cha Dar es Salaam kinaposema "watu", na "ku kazi" pale kinaposema "kazini", na majina ya vifaa huyachukua kutoka Kifaransa. Kiswahili hiki kina maandishi yake ya heshima. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika kwa lugha hiyo historia ya mji wa Elisabethville, na mwaka 1990 Johannes Fabian akaitoa kuwa kitabu pamoja na tafsiri. Lugha iliyoweza kubeba historia ya mji mzima inaweza kubeba somo la asidi.

Katanga imetoa pia mwalimu wa kupanga mambo kwa mfuatano, ingawa yeye hakuitwa mwalimu. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974, alichora historia ya nchi katika picha zaidi ya mia moja, na kila moja aliieleza kwa Kiswahili chake. Kila picha ilibeba tukio lake, na kila tukio lilimtayarisha mtazamaji kwa linalofuata. Mkufunzi anayepanga michoro ya somo la simu ana mfano mzuri kwake kuliko katika slaidi zilizojaa maandishi madogo.

Wanasayansi wa kujifunza wameeleza kwa nini wingi wa maandishi huchosha. Mwaka 1988 John Sweller alionyesha kwamba akili ya kazi, ile inayoshika mambo wakati mtu anafikiri, hujaa upesi, na kinachozidi humwagika. Richard Mayer, baada ya majaribio mengi, alipata kwamba picha pamoja na maelezo ya sauti hufundisha vizuri kuliko picha, sauti na maandishi yale yale yakiwekwa pamoja. Ndiyo maana mchoro wa somo la asidi uwe na mshale mmoja na neno moja au mawili, na sauti ndiyo ieleze.

Halafu kuna kusahau. Hermann Ebbinghaus alikupima kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, na mwaka 1885 akachapisha jinsi alichokariri kilivyotoweka upesi katika saa na siku za mwanzo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Baadhi walikisoma tena. Wengine walijaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yalipinduka: waliojipima walikumbuka zaidi. Kwa mtayarishaji wa masomo matokeo haya yana thamani kubwa, kwa sababu chombo kinachohitajika ni swali, na swali halina gharama. Programu ya H5P iliyotoka Norway humsaidia kuweka maswali ndani ya picha na video, na hufanya kazi ndani ya Moodle. Aliye na WhatsApp tu anaweza kutuma swali siku ya tatu na siku ya kumi.

Mkufunzi halazimiki kutengeneza kila kitu kwa mkono wake. Mwaka 2002, katika mkutano wa UNESCO mjini Paris, lilizaliwa jina la rasilimali huria za elimu, na mwaka huo huo zikatoka leseni za kwanza za Creative Commons, ambazo humruhusu mwandishi kusema waziwazi kwamba kazi yake inaweza kunakiliwa, kutafsiriwa au kubadilishwa. Mwezi Novemba 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la kuhimiza rasilimali hizo. Mradi wa African Storybook, unaoongozwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, na mwalimu wa Likasi anaruhusiwa kuzigeuza zisomeke kwa namna ya mtaani kwake. Kabla ya kuchukua picha au kifungu chochote, atafute maneno ya leseni, ayasome, na amtaje mwenye kazi.

Uangalifu huo huo unawahusu wanafunzi. Orodha ya namba za simu, alama za mitihani na picha za vijana ni mali yao. Kongo ina sheria ya mambo ya dijiti tangu tarehe 13 Machi 2023, na data za mtu binafsi zimo ndani yake. Mkufunzi asikusanye asichokihitaji, na kundi la WhatsApp lisiwe mahali pa kumtangaza aliyeshindwa.

Basi somo la asidi la vijana mia mbili linaweza kutengenezwa hivi. Faili moja ya sauti ya dakika tano. Inaanza na swali, kabla ya maelezo yoyote: ndoo mbili ziko mbele yako, moja ya maji na moja ya asidi, utamimina ipi ndani ya ipi? Sekunde nane za kimya. Jibu, kisha sababu ya joto, kwa maneno ya fundi anayezungumza na mdogo wake. Mchoro wa kwanza unaonyesha njia sahihi, wa pili unaonyesha matone yakiruka. Swali la pili ni gumu zaidi: umemkuta mwenzako ameshika maji juu ya ndoo ya asidi, utamwambia nini, kwa maneno gani, nawe utasimama wapi? Sekunde nane nyingine. Siku ya tatu hufika ujumbe wa herufi 160, na siku ya kumi mwingine.

Kabla ya kutumwa kwa mia mbili, faili hiyo hupelekwa kwa watano. Mkufunzi hukaa karibu nao wakiisikiliza kwa simu zao wenyewe, barabarani, penye kelele, naye hafafanui lolote. Huandika katika daftari kila mahali waliporudisha nyuma, kila neno waliloulizana. Kisha hurekodi upya. Watano hao wakimaliza, huitwa mmoja mmoja mbele ya meza yenye miwani, glavu, kijiti cha kukorogea na vyombo viwili: kimoja kina maji matupu, kingine maji yaliyotiwa rangi nyekundu mahali pa asidi. Huambiwa watayarishe mchanganyiko. Mkufunzi hanyanyui kichwa kutazama uso wa mwanafunzi. Anautazama mkono wake, aone utaanza kushika nini.